Vile ya kuenda kula langar kwa gurdwara hapa Nairobi kama hujawahi

Kama umekaa Nairobi hata kidogo lazima umepita nje ya gurdwara, ile nyumba ya ibada ya Wasikh, ama makalasinga vile tumezoea kuwaita, yenye kuba juu na mlingoti mrefu umezungushwa kitambaa cha rangi ya chungwa ama bluu kutoka chini hadi juu. Sasa ndani ya kila gurdwara, si ya hapa tu, popote ilipo duniani, kuna jikoni na ukumbi wa kula unaitwa langar, na mtu yeyote anaingia anakula bila kulipa, ukue Mkristo, Muislamu, Mhindu, hauna dini, umekuja na gari kubwa ama umetembea kwa mguu kutoka Mathare. Hakuna menyu, hakuna bili, hakuna weita wa kupewa kitu kidogo. Kila mtu nikimwambia hii stori ananiuliza "halafu ukishakula wanataka nini?" Hawataki kitu, hata hawatakuhubiria. Lakini kuna vile mtu huenda na kuna vile haendi, na naandika hii kwa sababu naona watu wa aina mbili, wale wanaogopa kabisa kuingia geti na wale wanaingia kama wameona ofa ya supamaketi, na wote wanakosa kitu kizuri sana kiko hapa hapa mjini kwetu.

Kwanza ujue unaingia kwa nani. Wasikh si Wahindu na si Waislamu, ni dini yao kivyao, ilianza Punjab, ile sehemu leo imegawanywa kati ya India na Pakistan, na Guru Nanak aliyezaliwa 1469, na Guru ni mwalimu wao mkuu wa dini. Baada yake kukakuja Guru wengine tisa. Langar ilianza na yeye Nanak mwenyewe. Wanasimulia kwamba akiwa kijana babake alimpa rupia 20 aende afanye biashara ya faida, akakutana na watu wa Mungu wenye njaa, pesa yote akawanunulia chakula, akarudi nyumbani akasema hiyo ndio biashara ya kweli. Na kitu kilikuwa kinamsumbua sana ni tabaka, manake kule wakati ule mtu wa tabaka la juu hawezi kula pamoja na wa chini, hata maji hawezi pokea kwake. Dawa yake ikakuwa rahisi tu, wote mkae chini mstari mmoja mle chakula kimoja kimepikwa sufuria moja. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sheria kwamba ukitaka kumuona lazima kwanza ukae kwa mstari ule na wengine, na inasimuliwa hata mfalme Akbar wa Mughal, aliyetawala India wakati huo, alipokuja kumtembelea alikaa chini akala na watu wa kawaida kwanza. Hiyo ndio sababu hutapata meza ya VIP hapo, usiulize.

Siku ya kuenda, Jumapili ndio rahisi. Asubuhi kunakuwa na ibada na kirtan, yaani maneno ya kitabu chao kitakatifu yanaimbwa na kinanda cha mkono na zile ngoma mbili za tabla, na ikiisha mchana watu wote wanaenda kula. Katikati ya wiki inategemea gurdwara, zingine wanapika kila siku zingine ni asubuhi ama jioni tu, kwa hivyo uliza askari wa geti ama pigia ofisi yao simu kuliko kujitokea tu saa kumi Jumanne na njaa yako. Ngara na Pangani ndio mitaa yao ya zamani, kule klabu yao ya Sikh Union iko Forest Road, siku hizi inaitwa Prof. Wangari Maathai Road, na Hospitali ya Guru Nanak, na upande wa South C pia wako. Sikukuu kubwa ni Vaisakhi, tarehe 13 ama 14 Aprili, wanakumbuka mwaka 1699 vile Guru wa kumi, Gobind Singh, alianzisha Khalsa, yaani undugu wa Wasikh waliobatizwa, na ile ya kuzaliwa kwa Guru Nanak ambayo inafuata mwezi mpevu, kawaida huangukia Novemba. Hizo siku chakula ni kingi na kizuri lakini watu ni wengi mno, mimi naona kama ni mara yako ya kwanza enda Jumapili ya kawaida, kuna mtu atakuwa na nafasi ya kukuonyesha.

Kabla hujatoka nyumbani angalia begi. Sigara, ugoro, aina yoyote ya tumbaku, hapana, hii wako serious nayo kabisa. Pombe hapana, miraa na muguka wacha nyumbani, na nyama haiingii ndani, hata kama ni smokie uliokuwa umenunua steji ama kuku umebebea watoto, na mayai pia. Na usiende ukiwa umelewa, hata kama ni ya jana usiku na bado unanuka ahirisha hadi Jumapili ingine.

Kichwa kinafunikwa, wanaume, wanawake na watoto, wote. Leso sawa, skafu sawa, hijabu yako ama kilemba chako tayari kinatosha. Kepi hapana. Kama hauna kitu, mlangoni huwa kuna kikapu ama sanduku la vitambaa vya rangi ya chungwa, unachukua kimoja unakunja pembetatu, ule upande mrefu unaweka kwa paji la uso halafu zile ncha mbili unafungia nyuma juu ya ncha ya tatu. Mwanaume amenyoa kipara kitamteleza, funga chini kabisa karibu na shingo na kaza. Ukitoka unarudisha. Nguo, vaa kitu cha heshima na kitakuruhusu kukaa chini miguu imekunjwa kama nusu saa, manake sketi ya kubana ama jinzi ya kukaza itakutesa hadi usisikie utamu wa chakula. Soksi safi zisizo na shimo. Viatu vya kuvua haraka.

Geti utamwambia askari umekuja gurdwara, umekuja langar, basi. Anaweza kukagua begi, hiyo ni Nairobi, hata moli wanakagua. Viatu unaviacha pahali pake, kuna rafu, na kwa zingine utakuta mtu amesimama hapo anapokea viatu vya watu na kuvipanga, na usimuone kama kibarua, hiyo ni kazi Wasikh wanagombania kufanya kwa kujitolea, unaweza kukuta mzee mwenye kiwanda chake ndio ameshika raba zako zenye vumbi. Mwambie asante vizuri. Halafu nawa mikono, kuna masinki karibu.

Sasa, kawaida mtu huanzia darbar kabla ya langar, ule ukumbi wa ibada. Mbele utaona pahali pameinuliwa na kupambwa, juu kuna dari ya kitambaa, na hapo ndio Guru Granth Sahib, kitabu chao cha kurasa 1,430, na tangu 1708 hicho kitabu ndio Guru wao, hakuna Guru mtu tena. Wanakiheshimu vile ungeheshimu Guru aliye hai, asubuhi kinatolewa kwa heshima na usiku kinapelekwa kupumzika. Utaona watu wanaenda mbele, wanainama hadi paji la uso linagusa sakafu, wanaweka pesa kwa sanduku, wanarudi nyuma wanakaa. Wewe mgeni si lazima usujudu. Hii watu huogopa sana hasa ndugu zetu Waislamu na Waadventista, na nataka nikuambie wazi hakuna mtu atakulazimisha, unaingia polepole, unasimama kidogo kwa heshima, unatafuta pahali unakaa. Mara nyingi wanaume wako upande mmoja na wanawake mwingine, angalia wengine. Usinyooshe miguu nyayo zikaangalia kitabu, usipige stori, foni iwe imezimwa kabisa. Kama imani yako hairuhusu hata kukaa pale, ama umefika watu wameshamaliza, enda langar moja kwa moja, sawa tu. Lakini kama unaweza, kaa hata dakika kumi usikize kirtan, ni muziki mtulivu sana na utaelewa chakula kinatoka wapi.

Ukiwa umekaa ama ukitoka utapewa karah parshad, ni kama halua, imepikwa unga wa ngano, sukari na samli kwa kipimo sawa, na kila mtu anapewa kiasi kile kile. Unapokea na mikono miwili imeunganishwa kama unateka maji, si kwa vidole viwili kama unachukua chingamu. Ni ya moto kidogo na ina mafuta, ni tamu ajabu, ukimaliza hayo mafuta unajipaka mikononi tu. Imeombewa, kwa hivyo kama dini yako haikubali kitu kimeombewa, kunja mikono kwa kifua na kutikisa kichwa kwa upole, hakuna mtu atakasirika. Kitu kibaya ni kupokea halafu kuacha kwa sakafu ama kutupa kwa pipa.

Langar sasa. Hapa sitaki upite haraka. Ukiingia unachukua sahani, ni zile za chuma cha kung'aa zenye vyumba vyumba, na kijiko na glasi. Chini kumetandikwa mikeka mirefu myembamba, watu wamekaa mistari wakitazamana ama wakipeana migongo. Usiende kuchagua kona yako ukae na marafiki wako watatu mbali, unakaa pale mstari umefika, karibu na yeyote umempata. Huo mstari unaitwa pangat na ndio moyo wa kitu chote. Fikiria vile tunakula hii Nairobi, kuna wa kibanda, kuna wa fast food, kuna wa Westlands, kuna klabu yenye huwezi pita geti bila kuwa memba, na kila mtu anajua mfuko wake unamfikisha wapi, unaweza kumaliza mwaka mzima bila kukula karibu na mtu ambaye maisha yake si kama yako. Pale umekaa chini, upande wa kulia kuna daktari, kushoto kuna kijana wa mjengo bado yuko na vumbi la simiti kwa kisigino, mbele yako nyanya wa Kipunjabi na wajukuu, na sahani zote ni zile zile, dengu imetoka ndoo moja. Ukikaa pale ukifikiria tu kuhusu chakula cha bure utakuwa umekula lakini hujaonja.

Wazee na watu wa magoti mabaya huwa wamewekewa benchi ama meza pembeni. Kama magoti yako ni mazima wachia wenyewe.

Wanaogawa wanaitwa sevadar, wanapita mstari kwa mstari na ndoo na mwiko, wengine ni watoto wadogo wa miaka nane hivi wamebeba kikapu cha chapati na wanachukulia hiyo kazi kwa uzito kuliko mtu mzima. Ukiona chapati inakuja nyoosha mikono miwili, viganja juu, atakuwekea. Usiingize mkono kwa kikapu ujichagulie ile kubwa. Hivyo vingine unasukuma tu sahani mbele kidogo.

Chakula chenyewe hakina nyama wala mayai, na sababu yake ni nzuri, ni ili yeyote aingie asipate kitu kinamkataza. Muislamu hana wasiwasi wa halali, Muadventista yuko sawa, Mhindu asiyekula nyama yuko sawa. Dengu ndio mfalme, mara kamande, mara zile nyeusi zinaitwa urad zimechemshwa pole pole na tangawizi, vitunguu na kitunguu saumu hadi zinakuwa nzito kama krimu. Kuna mboga, siku ingine viazi na koliflawa, siku ingine njegere na panir, ile jibini yao laini, ama kabeji. Wali. Maziwa lala yenye chumvi kidogo na vidonge vidogo vya unga wa dengu vinaelea ndani. Achari. Na siku nzuri kuna kheer, mchele umepikwa na maziwa na sukari na iliki hadi umelainika. Hiyo kheer ina historia yake, mke wa Guru wa pili anaitwa Mata Khivi ndiye alisimamia langar wakati wa mumewe, na ametajwa kwa jina ndani ya kitabu kitakatifu chenyewe kwa sababu ya ukarimu wake na kheer yake yenye samli. Mimi napenda sana kwamba mama wa jikoni ameandikwa pale.

Chapati usitarajie ile yetu ya Krismasi yenye imekunjwa na mafuta matabaka matabaka. Yao ni nyembamba, unga wa atta na maji, inapikwa kwa chuma kikavu halafu inafura, juu inapakwa samli. Ikipoa inakuwa ngumu haraka, ndio maana mimi hupenda mstari wenye uko karibu na mlango wa jikoni, zinafika zikitoa mvuke. Unakata kipande na mkono wa kulia unateka dengu. Pilipili huwa ya kadiri, achari ndio kali, jaribu na kipande kidogo kwanza. Kama una shida na maziwa ama ngano mwambie sevadar kabla, samli iko karibu kwa kila kitu.

Sasa sheria moja ambayo ukivunja kweli utawaumiza, hata kama hawatakuambia, ni kuacha chakula kwa sahani. Anza na kidogo, wanarudi, watapita tena na tena wakiuliza "ongeza?", unaweza kula hadi ushibe kabisa na hakuna mtu anahesabu. Ukitosheka funika sahani na mkono useme basi. Kile kimeingia kwa sahani yako maliza. Kuna mtu aliamka alfajiri kumenya hizo viazi bila kulipwa.

Ukimaliza unabeba sahani yako mwenyewe hadi pale wanaosha. Usimwachie mtu.

Tukuje kwa pesa, kwa sababu mtu wa Nairobi hawezi tulia bila kujua. Hakuna bei, hakuna mtu atakuangalia kama umetoa. Wasikh wenyewe hutoa dasvandh, sehemu ya kumi ya mapato yao, vile Mkristo anajua fungu la kumi, na familia nyingi huchukua langar ya siku fulani iwe yao, mtoto amezaliwa, kuna harusi, wanakumbuka mzee aliyefariki, wananunua chakula chote na kuja kupika. Ukisikia ni langar ya familia fulani leo, ukiwaona waambie asante na kama ni ya marehemu waambie pole, wanafurahi sana. Ukitaka kutoa weka kwa sanduku, linaitwa golak, shilingi hamsini sawa, elfu sawa, hakuna sawa. Usimpe sevadar pesa mkononi, yeye si weita, utamfanya aone aibu. Kitu kingine unaweza beba ni vyakula vya pakiti vyenye havijafunguliwa, unga wa atta, mchele, sukari, maziwa, kamande, mafuta ya kupikia, unapeleka jikoni ama ofisini. Usipike kwako ukaleta, wao hupika pale pale.

Na kama unasoma hii na kweli hauna kitu, umekaa hostel mkopo wa chuo wa HELB haujaingia ama kazi imeisha na rent inakusubiri, enda. Usijieleze kwa mtu. Hakuna fomu, hakuna mtu atakuuliza unaishi wapi ama unafanya kazi gani. Hii kitu ilitengenezwa ili mtu mwenye njaa ale bila kuombaomba, na ukikaa kwa ule mstari hakuna mtu anaweza jua ni nani alikuja na njaa na nani alikuja na Prado.

Njia nzuri zaidi ya kulipa ni mikono yako. Inaitwa seva. Uliza mtu yeyote pale jikoni "naweza kusaidia?", na usishangae ukipewa kisu na rundo la kitunguu saumu hapo hapo. Mgeni kawaida ataanza na kumenya, kugawa maji na vijiko, kufagia na kukunja mikeka, ama kuosha vyombo, na kuosha vyombo ndio mimi ningekushauri, mnakuwa watu kumi mmejipanga kwa masinki marefu, huyu anasugua huyu anasuuza huyu anapanguza, na stori za hapo ni nzuri kuliko za pahali pengine popote. Ukikaribia meza ya chapati utakuta akina mama wamezunguka wanasukuma kwa kasi. Mama Mkenya anajua kusukuma chapati, hilo halina ubishi, lakini wacha waonyeshe ya kwao kwanza, ni ndogo na nyembamba na hakuna kumwaga mafuta kwa unga. Halafu kitu kimoja muhimu sana kwa jikoni ya langar: haionjwi. Ile tabia yetu ya kumwaga supu kidogo kwa kiganja uone kama chumvi imeingia, pale hapana, chakula kinaombewa kwanza kabla mtu yeyote hajaonja. Nywele zimefunikwa, mikono imenawiwa, na utasikia wengi wanasema Waheguru pole pole wakifanya kazi, ni jina la Mungu, wewe unaweza nyamaza tu.

Kuongea na watu. Salamu yao ni Sat Sri Akal, unakunja viganja pamoja, ukisema hivyo utaona uso unafunguka. Wazee waite ankol na anti, ama Sardar ji kwa mwanaume, wengi watakujibu kwa Kiswahili safi na wengine watakushinda Kikikuyu ama Kiluo. Tafadhali usimuulize mtu "ulikuja lini kutoka India". Mafundi wa Kisikh waliletwa na ujenzi wa reli, 1896 hadi 1901, wahunzi, maseremala, waashi, na familia nyingi wako hapa kizazi cha nne ama cha tano. Makhan Singh alianzisha chama cha wafanyakazi hapa 1935, akadai uhuru hadharani, na Waingereza wakamfunga 1950 hadi 1961, miaka kumi na moja, mingi kuliko hata ya Kenyatta. Joginder Singh ndiye yule Simba wa Safari Rally alishinda 1965, 1974 na 1976, muulize mzazi wako. Hawa ni wenyeji wamekukaribisha kwao, na huko kwao ni Kenya.

Watoto beba, ni pahali pazuri sana kwa watoto, waambie tu wasikimbie darbar. Picha, kwa langar uliza kwanza, watu wako na familia zao wanakula, na kwa darbar wacha kabisa. Usiweke chapati kwa mkoba ya kupeleka nyumbani, kama una mgonjwa ama kuna shida sema wazi na mara nyingi watakufungia wenyewe. Na kama ni chama, kwaya ama darasa mnataka kuenda pamoja, piga simu ofisini siku kadhaa mbele, watu arobaini wakitokea bila kutangaza kuna familia inalia jikoni, na mkifika mjitolee kuosha hivyo vyombo vyote, naona hiyo ndio haki.

Ukishazoea ya mjini kuna ya Makindu, karibu kilomita 160 kwa barabara ya Mombasa, ilijengwa 1926 na Wasikh waliokuwa wanafanya kazi ya reli pale, na inalisha wasafiri tangu miaka hiyo. Wengi husimama tu kula na kuendelea, na pia kuna vyumba vya msafiri kulala, navyo havina bei, unatoa unachoweza. Masharti ni yale yale, kichwa, viatu, sahani imalizwe na uibebe hadi pale wanaosha. Utofauti ni kwamba wewe unatoka barabarani umechoka na gari limejaa vitu, kwa hivyo ile nyama ya kuchoma mlinunua Emali imalizeni Emali, na dereva kama anavuta sigara avute ya mwisho huko, anawe mikono na mdomo, halafu muingie geti.